Nyumba ya mnada, nyumba ya benki au nyumba ya mwenyewe: ipi inakuruhusu kuikagua kabla hujalipa?

Tangazo la mnada gazetini hutaja mahali nyumba ilipo, vyumba vyake na tarehe ya mauzo. Chini, kwa herufi ndogo, pana sharti ambalo madalali wengi wa Kenya huliweka: mnunuzi aitembelee mali na kuthibitisha maelezo yote mwenyewe, kwa kuwa si dalali wala benki anayeyatolea dhamana. Bei imefichwa hapo. Punguzo unalopata mnadani ni malipo ya kubeba hatari ya vitu ambavyo hakuna aliyekuonyesha, na mara nyingi hata ukiomba kuvionyeshwa utakataliwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue nyumba ya mnada au ya kawaida, mimi huanza na swali moja kabla ya bei: utaingia ndani? Nitazilinganisha njia tatu za kununua kwa swali hilo. Ya kwanza ni mnada wa hadhara. Ya pili ni kununua kwa mapatano na benki, au na mkopaji mwenyewe kwa ridhaa ya benki, kabla mambo hayajafika mnadani. Ya tatu ni soko la kawaida, mwenye nyumba anauza kwa hiari yake. Mifano yangu ni ya Kenya, maana sheria na desturi za mauzo hubadilika ukivuka mpaka.

Nyumba ilivyofika mnadani

Hali ya nyumba ya mnada inaelezwa vizuri na kalenda ya sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki impe mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi isiyopungua miezi 3. Akishindwa tena, kifungu cha 96 kinadai notisi nyingine ya siku 40 kwamba benki inakusudia kuuza. Halafu dalali, kwa Kanuni za Madalali za mwaka 1997, hutoa notisi yake ya siku 45 kabla ya mnada. Ukizipanga moja nyuma ya nyingine zinakaribia nusu mwaka. Hapo sijahesabu miezi ambayo mkopaji alikuwa ameanza kulegalega kabla ya notisi ya kwanza, wala zuio la mahakama, ambalo linaweza kuendelea kwa miaka.

Muda wote huo nyumba haitengenezwi. Simlaumu mwenyewe. Mtu anayetafuta pesa za kuokoa paa lake hawezi kutumia hizo hizo kubadilisha mabati. Mfereji wa paa ukiziba unaachwa, maji yanarudi ukutani. Bomba likivuja ndani ya ukuta linafungwa kwa valvu na chumba hicho kinakosa maji. Tangi la maji taka lililofaa kunyonywa mwaka jana halijanyonywa. Na siku ya kuhama ikifika, wapo wanaong'oa makabati ya jikoni, masinki, milango ya ndani, hita za bafuni, na hata nyaya ukutani. Wengine hufanya hivyo kwa hasira, wengine kwa sababu ndicho kitu cha mwisho wanachoweza kuuza.

Kwa hiyo unaponunua nyumba ya aina hii unanunua pia huo mwaka au ile miaka ya kuachwa. Ukaguzi ndio unaokuambia ni gharama kiasi gani.

Mnada wa hadhara: bei ya chini, mlango uliofungwa

Faida yake haihitaji maelezo mengi. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinailazimu benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Ndiyo maana minada mingi huzungukia robo tatu ya thamani ya soko. Ukisikia nyumba inaenda kwa nusu bei, jiulize kwanza hiyo thamani ya soko ilipimwa lini na nani.

Masharti ya kawaida ni haya: unaweka amana ili upate kushiriki, na ukishinda unalipa asilimia 25 ya bei papo hapo nyundo inapogonga, kisha salio ndani ya siku 90. Ukishindwa kumaliza salio, ile asilimia 25 iko hatarini kupotea. Hakuna kipengele kinachosema mhandisi wako akikuta msingi umepasuka utarudishiwa fedha. Nyumba inauzwa kama ilivyo, pale ilipo, na waliomo ndani yake.

Hilo la waliomo ndani ndilo linaloufunga mlango. Mara nyingi mkopaji na familia yake bado wanaishi mle, na hawana sababu ya kukukaribisha. Dalali anaweza kukuandalia siku ya kutazama, lakini asipofunguliwa hatavunja mlango kwa ajili yako. Wengi huishia kuiona nyumba kutoka getini.

Hata hivyo kutoka getini kuna mengi ya kuona kuliko watu wanavyodhani, ukienda na mhandisi badala ya kwenda peke yako. Tazama mstari wa juu wa paa: ukiwa umebonyea katikati, mbao za kenchi zimechoka au zimeliwa na mchwa. Tazama pembe za madirisha. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kutisha. Ufa unaotoka pembe ya dirisha ukikata ukuta kwa mshazari, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, ni msingi unaoshuka sehemu moja kuliko nyingine. Tazama ukuta wa chini, futi mbili kutoka ardhini: rangi ikiwa imevimba na kumomonyoka, unyevu unapanda kutoka chini. Rudi tena siku iliyofuata mvua kubwa uone maji yanasimama wapi.

Kuna njia nyingine ambayo wanunuzi wengi huisahau. Nyumba nyingi za mnada ziko ndani ya mitaa iliyojengwa na mwendelezaji mmoja, ramani moja, mafundi wale wale. Jirani aliye nyumba ya pili anaishi ndani ya pacha wa nyumba unayoitaka. Mwombe akuonyeshe yake. Muulize maji ya kaunti huja siku ngapi kwa wiki, tangi la maji taka hujaa baada ya muda gani, slabu yake inavuja au haivuji. Mlinzi wa geti naye anajua ni nyumba ipi iliyokuwa ikiletewa boza la maji kila mara. Huu haufikii ukaguzi kamili, lakini una thamani kuliko picha tatu za gazetini.

Na kuna jambo moja ambalo nyumba ya mnada huizidi nyumba ya soko la kawaida: hakuna aliyeipaka rangi ili akuuzie. Nyufa zake ziko wazi. Ukiwa na mtu anayejua kuzisoma, zinasema ukweli.

Mwombe dalali, kwa maandishi, ripoti ya uthamini. Kanuni zinataka bei ya chini ya mnada itokane na uthamini wa kitaalamu ambao haujapita miezi 12. Usitarajie watakupa kila wakati, lakini omba. Na ukiipata, isome ukijua ni kitu gani. Mthamini anaulizwa nyumba ina thamani gani sokoni. Anaandika ukubwa, vifaa vya ujenzi, mahali, hali kwa jumla. Hapandi darini na tochi. Hafungui kisanduku cha umeme kuangalia ukubwa wa nyaya. Uthamini umefanywa kwa ajili ya benki, kulinda mkopo wa benki. Isitoshe, mengi hutokea ndani ya miezi 12, na ung'oaji wa vitu hutokea mwishoni.

Mapatano na benki: nafasi ambayo watu hawaiulizii

Sheria haiilazimishi benki kuuza kwa mnada peke yake. Inaweza pia kuuza kwa mkataba wa faragha. Tena mara nyingi mkopaji mwenyewe, akiona notisi zinakuja, hukubaliana na benki atafute mnunuzi: fedha zinaingia benki, deni linafutwa, kinachobaki kinakuwa chake. Mnunuzi anapata bei iliyo chini kidogo ya soko, mkopaji anaepuka aibu ya mnada na gharama za dalali, na benki inapata pesa zake bila kesi.

Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa mtu anayetaka nyumba yenye punguzo na ambaye hana moyo wa kucheza na akiba yake. Sababu ni ufunguo. Mkopaji anayeuza kwa hiari atakufungulia, kwa sababu anataka ununue. Benki yenye nyumba iliyokwisha kuhamwa itakupa mtu wa kukufungulia. Unaweza kuingia na mhandisi, fundi wa umeme na fundi bomba, mkakaa mle nusu siku.

Nyumba tupu ina mtego wake, na unataka maandalizi. Maji yakiwa yamekatwa, bomba lililopasuka ndani ya ukuta halionekani. Umeme ukiwa umekatwa, hujui soketi ipi imekufa. Agiza boza la maji, jaza tangi la juu, fungua mifereji yote, vuta maji vyooni kwa wakati mmoja, kisha ngojeni saa mbili. Angalieni dari ya chini ya bafu la ghorofani, na mfungue vifuniko vya mashimo ya maji taka nje muone kama maji yanapita au yanarudi. Fundi wa umeme atafungua kisanduku na soketi chache. Nyaya zikiwa zimevutwa ataona mara moja. Ulizia pia mita ya umeme na akaunti ya maji: zipo bado, ziko kwa jina la nani, na zina deni la shilingi ngapi.

Kisha unarudi mezani na ripoti. Benki haitashusha bei kwa urahisi kwa sababu ya nyufa, maana inalindwa na inabanwa na uthamini wake. Lakini itakupa muda, na wakati mwingine itakubali kulipa malimbikizo ya kaunti kutoka kwa fedha za mauzo. Mkopaji naye anaweza kushuka, akiona makadirio ya fundi yaliyoandikwa badala ya maneno ya kubahatisha. La muhimu zaidi ni kwamba unaweza kuondoka. Umepoteza ada ya mhandisi, basi.

Soko la kawaida: mlango wazi, rangi mpya

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi wanajua. Kwa desturi unalipa amana ya asilimia 10 baada ya kutia saini mkataba, na kukamilisha huchukua kama siku 90. Kabla ya kutia saini unaweza kukagua utakavyo. Wakili wako anaweza kuingiza kifungu kwamba kiasi fulani cha fedha kibaki mikononi mwa mawakili mpaka muuzaji arekebishe kasoro mlizokubaliana. Unapewa nyumba ikiwa tupu.

Hatari yake ni kujiamini. Mtu akiona sebule inang'aa na bustani imekatwa hamleti mhandisi. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au kwenye pembe moja ya dari, ni mahali pa kugonga na kuuliza. Kanuni ya mnunuzi kujihadhari inafanya kazi hapa pia. Tofauti ni kwamba hapa una nafasi ya kujihadhari, na mnadani nafasi hiyo ni finyu.

Mambo ambayo mhandisi anatafuta, na kwa nini mahali panabadilisha kila kitu

Ukaguzi haufanani kila mahali. Athi River, Syokimau, Kitengela na sehemu za Embakasi zina udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo bila kuuchimba na kuutoa utapanda na kushuka kila mwaka, na kuta zitafuata. Huko, swali la kwanza ni msingi, halafu maji: visima vingi vya eneo hilo vina chumvi au floraidi nyingi, na chumvi hula mabomba ya chuma na hita.

Pwani adui ni hewa ya bahari. Chumvi hupenya kwenye zege, nondo zinashika kutu, zinavimba, na zege linabanduka. Ukiona chini ya baraza au chini ya slabu ya balkoni zege limetoka vipande na nondo ziko nje zikiwa nyekundu, hiyo si kazi ya plasta. Mbaya zaidi ni jengo lililojengwa kwa mchanga wa bahari usiooshwa, maana chumvi ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa, za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, zinataka fundi anayezijua. Pia ziko ndani ya eneo la hifadhi, na huwezi kubomoa na kujenga upya upendavyo. Mtu akinunua nyumba ya huko mnadani akidhani ataiangusha aweke gorofa nne, amenunua kitu asichoweza kukitumia.

Kwa majengo ya ghorofa swali ni kama kimeongezwa kitu. Plani iliyoidhinishwa na kaunti inasema ghorofa ngapi? Uliza pia cheti cha kuruhusu watu kuishi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu takriban 50; lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Idara ya Ukaguzi wa Majengo imekuwa ikichora alama ya X kwenye majengo hatari. Tembea mtaa mzima uangalie kuta za majirani pia. Jengo la pili likiwa na X, mhandisi wako anataka kujua kwa nini.

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na akuandikie ripoti yenye jina na saini yake. Fundi mzuri wa mtaani anajua mengi, lakini hawezi kukupimia nguvu ya zege wala kuwajibika kwa maandishi.

Sambamba na hayo kuna ukaguzi wa ardhi yenyewe, na kwa nyumba ya mnada usiuruke kwa kuwa eti benki ilikwisha kuhakiki. Benki ilihakiki siku ilipotoa mkopo, pengine miaka kumi iliyopita. Fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki. Kwa Nairobi unapitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021. Mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa akague mawe ya mipaka, aangalie kama ukuta umeingia kwa jirani, barabarani au kwenye kingo za mto. Mwaka 2018 Nairobi iliona majengo ya biashara ya South End Mall na Ukay Centre yakibomolewa kwa sababu ya ardhi ya kingo za mto. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa huku wakazi wakishikilia kwamba wana karatasi. Nguzo imara hazisaidii kitu ikiwa jengo limesimama mahali lisiporuhusiwa.

Hesabu ya nyumba moja, njia tatu

Tuchukue nyumba ya mfano yenye thamani ya soko ya shilingi milioni 10. Tarakimu hizi ni za kuelezea tu. Za kwako utaziandika kutokana na makadirio ya mafundi wako.

Mnadani unaipata kwa milioni 7.5. Siku hiyo unalipa 1,875,000, na ndani ya siku 90 unatafuta 5,625,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 300,000 kwa bei hiyo. Punguzo lako ni milioni 2.5. Sasa unapata ufunguo na kukuta nyaya na mabomba vinataka 600,000, paa na dari 450,000, malimbikizo ya reti za kaunti na ada za mtaa 250,000. Waliokuwemo hawakutoka: unatakiwa kuwapa notisi isiyopungua miezi 3, na wakibisha mnaenda mahakamani. Wakili, pamoja na kodi unayoendelea kulipa ulikopanga kwa mwaka mzima, ni 500,000. Jumla 1,800,000. Punguzo la milioni 2.5 limebaki 700,000, na bado hatujagusa msingi. Msingi ukiwa na shida, hicho kilichobaki kinaweza kwisha na kupita.

Kwa mapatano na benki unaipata, tuseme, kwa milioni 8.6. Mhandisi amekuonyesha kazi ya 900,000 kabla hujatia saini. Umeingia ukijua itakugharimu milioni 9.5, na huna mtu wa kumtoa.

Sokoni unalipa milioni 9.7, rangi iko sawa, na ukaguzi umepata marekebisho ya 200,000 ambayo muuzaji amekubali kuyakata kwenye bei hiyo.

Kwa tarakimu hizo mnada bado ndio rahisi, ila kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na hatari yake. Ada ya mhandisi, hata akikudai 60,000, haifiki asilimia 1 ya bei ya mnada. Ndiyo pesa pekee katika orodha yote inayoweza kukuzuia kupoteza mamilioni.

Ukiamua kwenda mnadani bila kuingia ndani, tumia kanuni hii kuweka kikomo cha dau lako: kila usichokiona kihesabu kama kimeharibika. Hujaona nyaya, toa bei ya nyaya zote. Hujaona jikoni, toa bei ya jikoni nzima. Hujui kama wakazi watatoka, toa mwaka wa kodi na wakili. Unachobaki nacho ndicho kikomo, na ukiandike kwenye karatasi kabla hujaingia ukumbini. Kelele za ukumbi zina nguvu, na watu wenye akili timamu hupandisha dau kwa laki tano ndani ya dakika moja.

Ningechagua vipi

Familia inayonunua makazi yake ya kwanza kwa mkopo: mapatano na benki, au soko la kawaida. Mnada haukufai. Benki itakayokukopesha itatuma mthamini wake, naye anahitaji kuingia ndani; mkazi akikataa kumfungulia, siku 90 zinakwenda na asilimia 25 yako imekwisha kulipwa.

Mwenye fedha taslimu, asiye na haraka ya kuhamia, na mwenye mhandisi wa kwenda naye: mnada unafaa, hasa kwa flati. Sababu ya flati ni kwamba ngazi, paa, nguzo za maegesho na mashimo ya maji taka viko wazi kwa wote, kwa hiyo jengo linaweza kukaguliwa hata mlango wa nyumba yenyewe ukiwa umefungwa. Kinachobaki gizani ni jikoni, bafu na nyaya, na hivyo vina kikomo cha gharama. Usisahau kuuliza kampuni ya usimamizi malimbikizo ya ada ya huduma. Nyumba ya pekee yenye ua, juu ya udongo mweusi, iliyofungwa, ningeiacha hata kwa robo tatu ya bei.

Aliye Doha, Muscat au Minneapolis anayetuma fedha nyumbani: usimtume ndugu peke yake akutazamie. Ndugu atakuambia nyumba ni nzuri, na ni nzuri kweli kwa macho yake. Mlipe mhandisi wewe mwenyewe, ripoti ije kwako moja kwa moja ikiwa na picha za darini, kisanduku cha umeme na mashimo ya nje. Isipopatikana nafasi ya kuingia, ngoja nyumba nyingine.

Na kama tayari umeshinda mnada, haki ya mkopaji kuikomboa nyumba imeisha nyundo ilipogonga, na kwa kifungu cha 99 anayeona ameonewa kwa kawaida atadai fidia kwa benki, isipokuwa kama benki ilifanya ulaghai au udanganyifu ambao wewe uliujua au ulipaswa kuujua. Soma masharti ya mauzo uone hatari ya nyumba inahamia kwako siku gani, na ukate bima kuanzia siku hiyo. Ufunguo ukipatikana, rekodi video ya kila chumba kabla hakijaguswa. Mlete mhandisi wiki hiyo hiyo, kuta zikiwa bado hazijapakwa rangi na nyufa zikiwa bado zinasomeka, kisha ndipo uwaite mafundi.